Kujenga Nyumbani Ukiwa Ng'ambo: Mawe, Simiti na Mchanga wa Plasta

Somo la mara hii limetoka kwenye benchi lililo nje ya ofisi yetu ya maendeleo ya jamii. Kwenye benchi hilo huketi akina mama ambao watoto wao wako Riyadh, Doha, Dubai, London ama Marekani. Zamani walikuwa wanakuja na barua tuwasomee. Siku hizi wanakuja na simu mkononi, ujumbe wa pesa umeshaingia, na swali lao ni moja: "Tumetumiwa pesa za mjengo. Tununue nini kwanza?"

Swali hilo si dogo. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 katika mwaka wa 2024. Nyingine zinakwenda kwa karo, nyingine hospitali, na nyingine zinageuka kuwa kuta. Nyumba nyingi za aina hii hazina mkandarasi. Jamaa wanajijengea wenyewe: kuna fundi wa kijijini, vijana wawili wa kumsaidia, na mama ndiye mnunuzi, msimamizi na mlinzi wa stoo. Mwenye nyumba yuko mbali, ananunua vitu asivyoviona kwa macho yake.

Kisa kilichotufanya tuandike ni hiki. Dada mmoja wa kwetu alikuwa Saudia, kazi ya nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Msingi wa nyumba ulikuwa umekwisha. Kaka yake akamwambia kwamba kuta na plasta ya ndani zitahitaji mifuko 80 ya simiti. Dada akatuma zote kwa mara moja. Aliporudi likizo alikuta kuta zimefika kwenye madirisha, mifuko 31 imegeuka mawe ndani ya stoo, na mingine imeazimwa na majirani. Yeye akasema, "Kaka amekula jasho langu." Kaka naye akaapa kwamba hajagusa hata shilingi. Walikaa mwezi mzima hawasalimiani, na mama yao katikati analia.

Tuliketi nao jioni mbili pamoja na risiti zote. Tulichokuta ni kwamba kaka alikuwa anasema kweli. Mifuko 80 ilinunuliwa na ikaletwa. Basi kosa lilikuwa wapi? Hakuna mtu aliyepiga hesabu. Fundi alitazama msingi, akakuna kichwa, akataja 80. Kaka akapeleka 80 kwenye simu, na dada akaenda kutuma. Sasa tuhesabu nyumba hiyo pamoja, ndio muone.

Hesabu kabla ya pesa

Nyumba yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, na ukuta mmoja wa kuigawa katikati, mita 5. Jumlisha kuta zote: 8 na 8, 5 na 5, na 5 ya katikati. Ni mita 31. Kimo cha kuta kilikuwa mita 2.75. Zidisha 31 kwa 2.75, unapata mita za mraba 85 na kidogo. Ondoa milango mitatu na madirisha matatu, kama mita za mraba 10. Zinabaki 75 za kujengwa.

Huku kwetu tunajenga kwa mawe ya mashine yenye kimo cha inchi 9, na yanauzwa kwa futi. Wenzetu wa Kisii na Kakamega wana matofali ya kuchoma, na wa Pwani wana mawe ya matumbawe. Wao watahesabu kwa idadi, lakini njia ni hiyo hiyo. Jiwe la inchi 9 pamoja na mota yake linachukua karibu sentimita 25, kwa hiyo kila mita ya kimo ina mistari minne. Mita moja ni futi 3.28. Basi mita moja ya mraba inameza futi 13 za mawe. Mita za mraba 75 zinataka futi 975. Ongeza 5 kwa kila 100 kwa ajili ya yatakayovunjika, na utaagiza futi 1,025 hivi.

Simiti ya kushikanisha mawe hayo, ikiwa ukuta ni wa unene wa inchi 6 na mota ni ya simiti 1 kwa mchanga 4, haizidi mifuko 12 hadi 14. Plasta ya ndani tuliipima pia. Kuta za nje kwa upande wa ndani, na ukuta wa katikati pande zote mbili, zilifika mita za mraba 87. Plasta ya unene wa milimita 15 hutumia mfuko mmoja wa kilo 50 kwa karibu mita za mraba 9. Kwa hiyo ni mifuko 10.

Jumla ni mifuko 22 hadi 24. Weka ukanda wa zege juu ya madirisha, ambao unahesabiwa peke yake pamoja na nondo zake, na bado hukaribii 80. Tulipoandika namba hiyo kwenye karatasi, dada yule alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwambia kaka yake, "Kumbe hata wewe ulidanganywa na kichwa cha mtu." Hapo ndipo walipoanza kuongea tena.

Tunawaomba basi, nyinyi mlioko ng'ambo, kabla ya kutuma chochote mwombeni fundi vipimo, yaani urefu, kimo, milango na madirisha, na hesabu mfanye nyinyi wenyewe jioni mkiwa mmepumzika. Saa za Saudia na Qatar ni sawa na zetu, Dubai wametangulia saa moja tu, kwa hiyo hata kuongea kwa simu huku mama ameshika tepu ukutani si kazi ngumu. Fundi mwema hakasiriki akiombwa vipimo. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Mchanga ndio wenye hila

Watu huogopa kuibiwa simiti, lakini tumeona hasara kubwa zaidi kwenye mchanga, kwa sababu simiti ina mfuko na uzito umeandikwa. Mchanga unakuja kwa lori, na lori la tani 7 ni la tani 7 kwa mdomo wa dereva. Pimeni kabla halijamwaga. Tuseme sanduku la lori lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2, na mchanga umefika kimo cha sentimita 60. Zidisha 4 kwa 2 kwa 0.6, unapata mita za ujazo 4.8. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa karibu tani moja na nusu, kwa hiyo hapo kuna tani 7 kweli. Kama umefika sentimita 40 tu, umeuziwa tani 5 kwa bei ya 7. Kimo kipimwe katikati na kwenye pembe zote nne, maana kuna ufundi wa kurundika mchanga katikati uonekane mlima.

Tena, mchanga wenye unyevu huvimba. Ujazo wake unaweza kuongezeka kwa robo nzima, na ukikauka unashuka. Lori linalodondosha maji njiani lina mchanga mchache kuliko unavyoonekana.

Halafu kuna ubora. Mchanga wenye udongo mwingi hufanya plasta ipasuke mistari mistari kama kiganja cha mzee, na hapo mnalaumu simiti bure. Chukueni chupa safi ya kioo, tieni mchanga hadi karibu nusu, jazeni maji pamoja na chumvi kidogo, tikiseni kwa nguvu, kisha iacheni itulie saa tatu. Mchanga utakaa chini na udongo laini utakaa juu yake kama utando. Kama mchanga una kimo cha sentimita 10, udongo ule usizidi milimita 8. Ukizidi, rudisheni lori, au mchanga uoshwe. Jaribio hili halina gharama yoyote, na mtoto wa shule anaweza kulifanya na kumpigia dada yake picha ya chupa.

Mchanga wa baharini usitumike bila kuoshwa vizuri, maana chumvi yake hula nondo na hutoa madoa meupe ukutani. Na wale mnaonunua mchanga wa Ukambani, ulizeni kama aliyeuchota ana kibali. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015 kwa sababu mito yake ilikuwa imechimbwa vibaya, na mchanga ndio unaowawekea watu wa kule maji wakati wa kiangazi. Nyumba yako isisimame kwenye kiu cha jirani.

Simiti haingoji

Sisi wenyewe tuna kosa la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita tulipata msaada wa kujenga vyoo vya shule ya chekechea. Bei ya simiti ilikuwa imeshuka, tukaona tuwe wajanja, tukanunua mifuko 60 kwa siku moja. Mawe yalichelewa miezi minne. Tulipofungua mifuko ya chini, tulivunja kwa nyundo. Bei tuliyookoa kwa kila mfuko haikufika hata nusu ya tulichotupa.

Simiti huvuta unyevu wa hewani hata ikiwa ndani ya mfuko. Baada ya miezi mitatu nguvu yake imepungua sana, hata kama bado ni unga. Kwa hiyo nunueni ya kazi ya wiki mbili, isizidi hapo. Ipangwe juu ya mbao zilizoinuka kutoka sakafuni, mbali na ukuta, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Mkibonyeza mfuko na mkasikia mabonge yasiyosagika kwa vidole, hiyo si ya kujengea tena.

Kwenye mfuko kuna namba. Simiti ya 32.5 inatosha kwa mota na plasta. Ile ya 42.5 ina nguvu zaidi, ni ya zege la nguzo na slabu, na bei yake ni ya juu. Tumewahi kuona risiti ya 42.5 na mifuko ya 32.5 stoo, kwa hiyo picha ya mfuko ni lazima, si ya risiti peke yake. Mtazame pia kama kuna alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS).

Mfuko mmoja wa kilo 50 ukimwagwa unajaza karibu lita 35. Wilbaro iliyojaa ni kama lita 65 hadi 70. Basi mfuko mmoja kwa wilbaro mbili za mchanga ni mchanganyiko wa 1 kwa 4. Ukiona wilbaro nne zinaingia kwa mfuko mmoja, ukuta wako unanyonywa, na pengine kuna mfuko unaotoka usiku. Njia nzuri ni kutengeneza kisanduku cha mbao cha sentimita 30 kwa 30 na kina cha sentimita 39. Hicho kinameza mfuko mmoja barabara. Kimoja cha simiti, vinne vya mchanga, na hata bibi wa miaka 70 anaweza kukaa kwenye kigoda na kuhesabu.

Ukuta uliopinda hula plasta

Jambo hili wengi hawalijui. Tulisema plasta ya milimita 15 kwa nyumba ile ni mifuko 10. Sasa fundi akijenga bila kutumia timazi na kamba, ukuta ukatoka nje hapa na kuingia ndani pale, itabidi plasta inyooshe. Ikifika milimita 30, mifuko inakuwa 20 na mchanga unakuwa mara mbili, na plasta nene hivyo ikipigwa kwa mkono mmoja inaning'inia na kuanguka. Kwa hiyo pesa za plasta zinaokolewa wakati wa kujenga. Kila baada ya mistari mitatu ya mawe, mama aombe kuona timazi imewekwa ukutani. Asione haya. "Fundi, hebu nionyeshe kama umenyooka," basi.

Hapa ndipo mtu wa ng'ambo anaweza kuleta kitu. Wengine hutuuliza kama waje na plasta ya jipsamu wanayoiona kwenye maduka ya Ulaya. Hapana. Ni nzito, mizigo ya ndege ina bei, na jipsamu haifai ukuta wa nje kwa kuwa hulainika kwa maji. Ukija likizo beba pima maji nzuri ya urefu wa mita moja, tepu ya mita 30 na mwiko imara. Vitu hivyo vitamaliza nyumba yako na nyumba ya ndugu yako.

Kazi nyingine jamaa wafanye wenyewe, na hazihitaji fundi: kuchekecha mchanga wa plasta, kulowesha mawe au matofali kabla hayajajengwa, na kumwagia ukuta na plasta maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika kuliko zote. Plasta iliyokaushwa na jua kali la Januari hutoa unga ukipitisha kidole. Kama maji ni ya shida, tandikeni magunia yaliyoloweshwa. Na mota iliyokwisha kuchanganywa itumike ndani ya saa moja. Ikianza kushika isiongezwe maji ikarudishwa ukutani, hata kama fundi atasema ni sawa.

Kutuma kwa hatua

Tunashauri pesa zifuate kazi. Kwanza mawe yote, kwa sababu mawe hayaozi na bei ya lori ni nafuu ukichukua mzigo kamili. Mawe yakiwa kiwanjani na yamehesabiwa kwa futi, ndipo mchanga na simiti ya wiki mbili. Ukuta ukifika kwenye madirisha, simama, piga hesabu ya kilichobaki, kisha tuma tena. Plasta isinunuliwe kitu mpaka paa liwe juu.

Mkiweza, lipeni duka moja kwa moja, kwa akaunti yake ya benki au kwa namba yake ya malipo ya simu, naye mama achukue mzigo kwa kutia sahihi. Tuna duka moja hapa sokoni ambalo wateja wengi wa ng'ambo hulitumia hivyo. Mwenyewe ana daftari, na kila mzigo unaotoka anapiga simu Doha kabla lori halijawashwa. Si maduka yote yana uungwana huo, kwa hiyo ulizeni bei kwa matatu kabla ya kuchagua. Mama naye awe na daftari lake: tarehe, kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Kila Jumamosi apige picha ukurasa huo na picha ya ukuta, yeye mwenyewe akiwa amesimama hapo na tepu. Picha ya ukuta mtupu inaweza kuwa ya ukuta wa mtu mwingine. Hilo tumeliona, wala si mara moja.

Na kuna jambo lililo kabla ya mawe, ambalo tunaliuliza kila mtu kwenye benchi letu: kiwanja ni cha nani? Kisheria nyumba hufuata ardhi. Dada zetu wengi wanajenga kwenye shamba la baba ambalo halijagawanywa, na siku baba akifariki wanaambiwa na kaka zao kwamba walikuwa wanasaidia familia. Mazungumzo hayo yafanyike mzee akiwa hai, mbele ya mashahidi na kwa maandishi, kabla lori la kwanza halijaingia. Tutalitolea somo lake.

Zoezi la kikundi: leteni tepu kwenye mkutano. Ukuta una urefu wa mita 6, kimo cha mita 2.5, na dirisha moja la mita 1.2 kwa 1.2. Ni futi ngapi za mawe, na mifuko mingapi ya plasta kwa upande mmoja? Atakayepata karibu futi 185 na mfuko mmoja na nusu amepatia. Baadaye ulizaneni ni nani nyumbani kwenu anayeshika daftari la mjengo, na kama aliye ng'ambo amewahi kuuona hata ukurasa mmoja.